Kitu gani kitakurudisha Njombe? Visa, karatasi na benki yetu ya miti

Huku Makambako upepo ni ule ule na vumbi ni lile lile. Nimeketi kwenye steshenari moja hapa karibu na njia panda, pale barabara ya Songea inapoiacha barabara kuu ya kwenda Zambia. Kompyuta zipo nne. Dada mmoja anajaza fomu ya mkopo wa chuo, mwingine anachapisha vyeti, mimi naandika haya. Kwenye ile ya nne kuna kijana amefungua ukurasa wa ubalozi. Kaangalia weee, kisha kanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, samahani. Hivi ukitaka visa unatakiwa uwe na shilingi ngapi benki?"

Swali hili nimeshaulizwa mara nyingi. Jibu langu la zamani lilimgharimu mdogo wangu ekari moja ya miti, kwa hiyo leo nimeona nilijibu upya, tena hadharani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu (mwenyewe hataki nimtaje jina, na ana haki) anaishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe. Analima viazi, ana miparachichi mia na ishirini aina ya Hass, na alikuwa na ekari mbili za paini. Ana mke na watoto wawili. Mwaka 2024 alipata mwaliko. Kuna wageni waliowahi kukaa kijijini kwao wiki kadhaa kwenye mradi wa maji, wakazoeana, wakamwambia na yeye aende akawatembelee huko kwao Ulaya, wiki tatu tu, mwezi Septemba. Barua wakaandika, tiketi wakaahidi kulipa, na malazi nyumbani kwao. Jamani, si mnajua furaha ya kijiji! Mama alianza kuulizia kama huko kuna ugali.

Dogo akaja kwangu Makambako kuniuliza, maana mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye ukoo. Tukasoma orodha: pasipoti, picha, bima ya safari, barua ya mwaliko, ushahidi wa shughuli unayofanya, taarifa ya benki ya miezi mitatu. Tukaangalia akaunti yake. Ilikuwa na shilingi 84,000. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Hapa wanakukataa asubuhi na mapema. Weka hela."

Tukauza ekari moja ya paini. Ilikuwa miti ya miaka tisa, ambayo ingeachwa ikomae ingelipa vizuri zaidi. Tukapata milioni nne. Mimi nikakopa milioni tatu kwa mfanyabiashara mmoja hapa mjini, kwa riba. Milioni saba zikaingia kwenye akaunti siku moja. Wiki mbili baadaye tukachapisha taarifa ya benki, dogo akapanda basi kwenda Dar.

Jibu lilikuja kwenye karatasi yenye vijisanduku. Vilivyotiwa alama vilikuwa viwili. Cha kwanza kilisema maelezo kuhusu madhumuni ya safari hayakuaminika. Cha pili kilisema kuna shaka kuhusu nia yake ya kuondoka kabla visa haijaisha muda.

Basi. Hakuna mtu wa kumuuliza.

Nataka tulitazame jambo hili bila hasira, maana hasira mimi nilishazimaliza. Tuanze na gharama, kwa sababu watu wengi wanadhani visa ni ile ada tu. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000. Ada ya visa ya Schengen kwa mtu mzima ilikuwa euro 60 hadi mwanzoni mwa 2020, ikapanda kuwa 80, na Juni 11, 2024 ikawa 90, yaani kama laki mbili na nusu za kwetu. Ukikataliwa hairudi. Juu yake kuna gharama ya kituo kinachopokea maombi, na bima ambayo kanuni inataka ifikie walau euro 30,000 za matibabu. Halafu kuna safari yenyewe ya Dar. Kutoka Makambako ni zaidi ya kilomita 600, unashuka Kitonga, unapita Mikumi na Morogoro, unafika Mbezi usiku na shingo imepinda. Lazima uende mwenyewe, kwa sababu ombi la kwanza linataka alama za vidole. Zikishachukuliwa zinakaa kwenye mfumo wao miezi 59, lakini mara ya kwanza hakuna ujanja. Ukijumlisha nauli, gesti na chakula, dogo alitumia karibu laki tisa, na hapo sijahesabu riba yangu wala miti.

Kijana wa Masaki anakwenda kwa bodaboda, asubuhi amerudi kazini. Wa Njombe anaacha viazi shambani siku nne. Ada ni moja kwa karatasi, kwa mfuko ni mbili tofauti.

Lakini gharama siyo kiini cha hoja yangu. Kiini ni hiki: sisi tulijibu swali ambalo hatukuulizwa.

Fikiria. Wenyeji wake walishasema watalipa tiketi, malazi na chakula. Kwa hiyo fedha za kuishi huko halikuwa tatizo kubwa. Kwa baadhi ya nchi mwenyeji anaweza hata kusaini tamko rasmi kwao kwamba gharama zote ni juu yake. Tulichohitaji kuonyesha ni kitu kingine kabisa: kitu gani kitamrudisha Njombe. Sisi badala ya kuonyesha hilo tukaleta milioni saba zilizodondoka kutoka mbinguni siku moja. Ofisa akitazama akaunti ambayo mwaka mzima inazunguka kwenye elfu themanini, halafu ghafla milioni saba, hawezi kusema "huyu ana uwezo". Anasema "huyu kaazima". Na akishajua umeazima hela, anaanza kujiuliza na barua ya mwaliko umeiazima kwa nani. Ndiyo maana kijisanduku cha kwanza kilitiwa alama. Hela yangu ya mkopo ndiyo iliyomponza dogo. Mnanielewa lakini?

Na huu siyo ukali wa ofisa mmoja, ndivyo sheria zao zilivyoandikwa. Ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, kwenye kifungu maarufu cha 214(b), inamchukulia kila anayeomba visa ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Uingereza wana kipimo chao cha "mgeni wa kweli" atakayeondoka mwisho wa ziara. Kanuni ya visa ya Schengen, inayotumika tangu Aprili 2010, nayo inaruhusu kukataa kwa shaka ya msingi kwamba mtu hatarudi. Kwa hiyo mahakamani mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike, ila kwenye dirisha la visa mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe.

Na uthibitisho maana yake karatasi. Hapo ndipo mtu wa Njombe anapokwama.

Utajiri wa huku unakaa wapi? Uko kwenye miti. Mtu akizaliwa mtoto anapanda paini, mtoto akifika sekondari anauza. Uko kwenye viazi vilivyo chini ya udongo, kwenye VICOBA, kwenye ng'ombe, kwenye simu. Benki yetu ni mlima, na dhamana yetu ni jirani anayejua mpaka wa shamba unaishia wapi. Dogo ana sababu za kurudi kuliko hata mimi ninayeandika haya. Mwezi Oktoba na Novemba lazima awe shambani, mvua hazimsubiri. Lakini hana barua ya mwajiri kwa sababu ajira yake ni jembe. Shamba alirithi kwa baba, na hati hakuna. Ndoa ilifungwa kanisani na cheti alikiacha kwenye sanduku kwa mama mkwe, hata hatukukumbuka kukipeleka! Mbele ya mtu aliyekaa Dar, ambaye hajawahi kuiona Njombe, dogo alikuwa kijana mwanaume asiye na kazi, asiye na mali, aliyeokota milioni saba.

Kuna kitu kinanichekesha kwa uchungu. Parachichi la dogo limeshafika Ulaya. Linavunwa, linapita kwenye kiwanda cha kufungashia, linaingia kwenye kontena la baridi, linavuka bahari. Nalo haliendi hivi hivi, lina cheti cha afya ya mimea. Mashamba mengi yanayouza nje yana cheti cha GlobalG.A.P., na tunda linaweza kufuatiliwa mpaka kwa mkulima aliyelichuma. Yaani tunda lina karatasi za kutosha kuaminika, mwenye shamba hana.

Haya, tuje kwenye habari za karibuni maana mambo yamezidi kuwa mazito. Oktoba 2025 Marekani iliiweka Tanzania kwenye mpango wake wa dhamana ya visa, kuanzia Oktoba 23. Anayeomba visa ya matembezi au biashara angeweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au 15,000, arudishiwe akiondoka kwa wakati. Dola 15,000 ni zaidi ya milioni 35 za Kitanzania. Hata watu hawajamaliza kuhesabu sifuri, Desemba 16, 2025 Rais Trump akasaini amri iliyoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya sehemu kuanzia Januari 1, 2026. Utoaji wa visa za matembezi na biashara, za wanafunzi na za programu za kubadilishana ukasimamishwa, isipokuwa kwa wanaoangukia kwenye misamaha.

Sababu waliyoitoa ni watu kupitiliza muda. Amri inasema Watanzania wenye visa za matembezi na biashara waliopitiliza ni asilimia 8.30, na kwa wanafunzi na programu za kubadilishana ni asilimia 13.97.

Sasa hapa tuwe wakweli pande zote mbili. Upande wetu: watu wanazamia. Tunawajua, tunawasifu vijiweni, wakituma picha na theluji tunaandika "safi sana kamanda". Kila anayekwenda kwa wiki tatu akakaa miaka saba kubeba maboksi anaandikwa kwenye hesabu, na hesabu hiyo inamkuta mtoto wa mtu mwingine dirishani. Huo ni ukweli mchungu na tusiukimbie. Simlaumu aliyezamia kwa njaa yake, nasema tu gharama yake inalipwa na nani.

Upande wao: geuza tarakimu hizo hizo. Kama 8 na kidogo walipitiliza, basi karibu 92 katika kila 100 waliondoka kama walivyoahidi. Kwa wanafunzi na wenzao ni kama 86. Amri ya jumla inawaadhibu hao 92 kwa kosa la wanane. Ukimfungia mwanakijiji kisima kwa sababu jirani yake kaiba ndoo, hujamkamata mwizi, umewatia kiu watu wengi.

Na tazama upande wa pili wa dirisha. Mzungu anayetaka kuja kuona Kitulo au kwenda Ruaha anajaza fomu ya visa ya Tanzania kwenye mtandao akiwa sebuleni kwake, huduma iliyoanza 2018, au analipia akishashuka uwanja wa ndege. Wengi wanalipa dola 50, Wamarekani 100. Hakuna anayemuuliza kama ana shamba kwao. Najua kuna wadau watasema "na sisi tuwabanie!" Mimi sikubaliani. Utalii unalisha watu, na kumkomoa mtalii hakumpi dogo visa. Ila serikali yetu ina kitu cha kuomba mezani. Kwa mfano, kwa nini alama za vidole zichukuliwe Dar peke yake? Nyanda za Juu Kusini kuna Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Ruvuma, Rukwa. Watoa huduma wakija Mbeya hata wiki moja kila baada ya miezi mitatu, watu watapunguziwa mzigo mkubwa. Pasipoti zenyewe zilisogezwa. Njombe ilipokuwa bado sehemu ya Iringa, kabla ya mkoa kuanzishwa 2012, mambo mengi ya ofisi za mkoa yalikuwa Iringa mjini. Leo yako hapa hapa. Kinachowezekana kwa pasipoti kinaweza kuombwa kwa visa.

Sasa nirudi kwa kijana wa kompyuta ya nne. Nimemjibu hivi, na nawaandikia na ninyi:

Moja, hakuna kiasi cha uchawi. Kila nchi ina kiwango chake cha matumizi kwa siku, lakini kinachosomwa zaidi ni mtiririko. Laki mbili zinazoingia kila mwezi kwa mwaka mzima zina maana kuliko milioni saba za jana. Ukiuza viazi, pitisha hela benki au kwenye simu, kisha omba taarifa ichapishwe. Anza leo, hata kama hujui utasafiri lini.

Mbili, ipe ardhi yako karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hatimiliki ya kimila. Nenda ofisi ya kijiji ukaulize kama mpango wa matumizi ya ardhi umefika kwenu. Hati hiyo haitakusaidia kwenye visa tu, itakusaidia hata siku mjomba akianza kuhamisha mipaka.

Tatu, vyeti: cha kuzaliwa, cha ndoa, vya watoto, namba ya mlipa kodi, barua ya ushirika au ya mnunuzi wa mazao. Andika barua yako mwenyewe, fupi, useme unakwenda kufanya nini na tarehe gani lazima uwe umerudi na kwa nini. "Msimu wa kupanda viazi" ni sababu halali kabisa, ila hakuna atakayeijua usipoiandika.

Nne, anzia jirani. Kenya, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi, hata Afrika Kusini hadi siku 90, Mtanzania haombi visa kabla ya safari. Kutoka Makambako hapa Tunduma ni safari ya siku moja, na reli ya TAZARA inayopita nyuma ya mji huu inafika Kapiri Mposhi. Pasipoti yenye mihuri ya kwenda na kurudi ni shahidi asiyetaka posho.

Tano, na hii ni muhimu kuliko zote: kimbia vishoka. Anayekuambia "mimi nina mtu ubalozini" hana mtu. Anayekutengenezea barua ya kazi ya uongo anakuuza. Uingereza wakikukamata na udanganyifu wanaweza kukufungia miaka kumi, na Marekani kosa hilo linaweza kukufuata maisha yako yote. Kukataliwa kwa haki unaweza kuomba tena kesho. Kukataliwa kwa uongo ni kovu.

Kuna atakayesema, na ni kweli, kwamba hata ukiwa na karatasi zote bado unaweza kukataliwa, na kwa amri kama ile ya Januari 2026 karatasi zako hazisomwi kabisa. Sibishi. Mlango mwingine umefungwa kwa siasa na siyo kwa sababu yako. Lakini ile milango iliyobaki inafunguliwa kwa ushahidi, na ushahidi hauwezi kukusanywa kwa wiki mbili kwa kuuza miti.

Dogo hajambo. Ile ekari amepanda upya, miche imefika magotini. Deni langu nilimaliza kulipa mwaka jana. Alifungua akaunti nyingine ya hela za parachichi peke yake, na mwezi uliopita alinipigia simu kunisomea salio, siyo kubwa, ila limekuja polepole na kila shilingi ana risiti yake. Wenyeji wake bado wanaandika. Nikamuuliza, utaomba tena? Akanyamaza kidogo, akasema: "Kaka, nitaomba. Ila safari hii usinishauri."

Nimekubali. Nimestahili.

Wadau, wangapi mmepita dirisha hilo mkitokea mikoani? Mlipeleka nini kuonyesha kwamba mna kwenu? Na mliokubaliwa, semeni ukweli: kilichowasaidia ni hela, karatasi, au bahati? Kijana wa kompyuta ya nne bado yupo hapa, anasubiri kusoma majibu yenu.